Siku mbili, mlima hupandi: ushukie Arusha au Moshi?

Mtoto wa mama mdogo anafundisha shule ya msingi Mwanza. Juzi ameniandikia: "Dada, shikamoo. Nina siku mbili tu kabla shule hazijafunguliwa. Mlima sipandi, mbugani siendi, hela hiyo sina. Nataka kuona vitu vya kihistoria, sanaa, na mahali ambapo watu hawaendi sana. Nishukie Arusha au Moshi?" Tulizungumza kwenye simu hadi vocha ikaisha, halafu nikaona heri niandike kabisa, maana swali hili naulizwa kila likizo. Mimi naishi Usa River, kwenye barabara hiyohiyo inayounganisha miji hii miwili. Nikisimama upande huu wa barabara napanda gari la Arusha, nikivuka napanda la Moshi. Nimevuka mara nyingi kiasi cha kuwa na msimamo.

Msimamo wenyewe ni huu. Arusha historia imeingizwa ndani ya vyumba. Ina tiketi, vibao na vioo, na unaweza kuizunguka peke yako bila kumsemesha mtu. Moshi historia imebaki shambani, kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, chini ya miti, ndani ya mashimo. Huioni mpaka mtu akuoneshe, na huyo mtu atataka kwanza mjuliane hali. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mji, jiulize kama unapenda kusoma au unapenda kusimuliwa.

Boma na mti

Nitaanza na mwaka 1900, kwa sababu hapo miji yote miwili inakutana.

Miaka minne kabla yake, Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Meru. Wajerumani, wakiongozwa na Kapteni Kurt Johannes, wakaja kulipa kisasi kwa Wameru na Waarusha, wakichoma na kuswaga mifugo. Kisha tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, wakanyongwa viongozi 19 kwa siku moja, wa Uchagga, wa Meru na wa Arusha. Mmoja wao alikuwa Mangi Meli wa Moshi. Kipindi hichohicho, kama kilometa 80 upande wa magharibi, Boma la Arusha lilikuwa linajengwa kwa jasho la Waarusha walioshindwa vita.

Boma hilo bado limesimama, katikati kabisa ya mji. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Unalipa getini (beba kitambulisho cha NIDA, kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni si kimoja), unaingia kwenye uwanja wenye nyasi na miti, kuta nyeupe nene zimekuzunguka. Kuna chumba cha asili ya binadamu kinachoeleza Oldupai na zile nyayo za Laetoli za miaka milioni 3.6 iliyopita. Kuna wadudu, kuna wanyama, na kuna sehemu ya utawala wa Wajerumani. Saa moja na nusu inatosha. Mtoto wa darasa la tano atafurahi, mwalimu wake pia.

Mti walionyongewa uko upande wa pili. Kwenda huko unatoka Moshi mjini kuelekea Kiboriloni, kisha unapanda mlima njia ya Kidia hadi Tsuduni. Barabara inabana, migomba inasogea karibu na dirisha, hewa inabadilika. Hakuna geti la tiketi kama la Boma. Unamtafuta mtu wa utalii wa utamaduni wa pale Old Moshi, anakuja, mnasalimiana, mnatembea.

Nilipofika mara ya kwanza nilitegemea kitu kikubwa. Ni mti tu, na sanamu ya kichwa na mabega ya Mangi Meli karibu yake. Mzee aliyetutembeza alisimama pale bila kusema kitu kwa muda, akaokota jani lililoanguka, ndipo akaanza. Alitusimulia kuwa Meli alikuwa bado kijana alipowashinda Wajerumani mwaka 1892, katika vita vilivyomtoa roho ofisa wao von Bülow. Mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa chini ya Gavana von Schele, na Meli akashindwa. Wakamwacha kwenye kiti chake, akatawala chini yao mpaka ile siku ya Machi. Watu wa Old Moshi wanasimulia kuwa baada ya kunyongwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na familia yake imekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro na ndugu walio hai hapa Tanzania, likiwemo fuvu la akida wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana katika vipimo hivyo.

Ukiwa umesimama pale, neno "Mangi" linakurudia kwa namna nyingine. Nchi nzima tunamwita hivyo muuza duka la mtaani: "Mangi, nipe sukari nusu." Lilikuwa cheo cha mtawala. Mimi tangu siku ile nikimwita mtu Mangi dukani, naona ule mti.

Hapa kwangu Moshi inashinda, na inashinda mbali. Boma linakueleza kuwa Wajerumani walikuja. Old Moshi inakueleza walimfanya nini nani, jina kwa jina, na anayekueleza huenda ni wa ukoo huohuo. Lakini hesabu na hali yako: kufika huko kunahitaji nusu siku, bodaboda au gari la kukodi, na miguu. Kama mvua za masika zimekolea, utelezi wa udongo ule si wa kudharau.

Karne ya 20

Hapa mizani inainama upande wa Arusha, na sina shida kukiri.

Karibu na mzunguko wa Mnara wa Mwenge kuna jengo dogo ambalo watu wengi wa Arusha wanalipita kila siku bila kuingia. Ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana ndani ya jengo hilo, ambalo wakati ule lilikuwa ukumbi wa maendeleo ya jamii, ikapitisha Azimio. Mwalimu Nyerere akalitangaza kwa taifa tarehe 5 Februari. Siku chache baadaye mabenki yakataifishwa. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka 10. Kinachonigusa mimi ni udogo wa ukumbi. Sisi tuliosoma Azimio shuleni tulilikariri kama jambo lililoshuka kutoka juu sana, na kumbe lilijadiliwa kwenye chumba cha ukubwa wa darasa kubwa, watu wamekaa wanatazamana. Mwalimu wa shule ya msingi hapaswi kulikosa hili.

Kisha kuna AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano, lile jengo la mabawa matatu yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Lilijengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Baadaye ndani ya jengo hilo ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, mpaka ikafungwa mwisho wa 2015. Ilishtaki watu 93. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na hiyo ikawa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Hukumu hiyohiyo ndiyo iliyotamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Iliandikwa hapa, kwenye mji ambao wengine wanaujua kwa safari za Serengeti tu. Usitegemee kutembezwa ndani, ni ofisi na kumbi za mikutano. Unasimama nje, unalitazama, unaendelea na safari yako. Lakini simama.

Mnara wa Saa nao uko njiani. Utaambiwa ndiyo katikati ya Cairo na Cape Town. Kwa mstari ulionyooka, katikati hiyo inaangukia Kongo. Piga picha, lakini usipoteze muda.

Moshi ya karne ya 20 ni ya kahawa. Wakulima wa Kichagga walianzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, wakati walowezi wa Kizungu hawakutaka kabisa Mwafrika alime kahawa ya arabika pembeni yao. Kiongozi wao wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo. Mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama cha ushirika, na kwa fedha ya kahawa hiyo watoto wengi wa mlimani walisomeshwa. Ukipita mjini utaliona jengo la KNCU, na utakiona Chuo cha Ushirika ambacho sasa ni chuo kikuu. Kwa macho si vitu vya kushangaza. Ili uielewe kahawa, panda Materuni au Kilema, kaa uani kwa mtu, umenye kahawa, uitwange kwenye kinu, uikaange kwenye chungu, uinywe. Hapo utatazama na mifongo, ile mifereji ya asili inayoshusha maji ya mlima mpaka shambani, kila ukoo ukijua zamu yake. Kwangu mfongo una uhandisi wa kustaajabisha kuliko majengo mengi niliyoyaona.

Sanaa

Kwa sanaa, nenda Arusha. Sitazunguka.

Cultural Heritage, kwenye barabara ya Dodoma, ina jengo la sanaa ambalo lenyewe ni la kutazamwa, limechorwa kwa umbo la ngoma, ngao na mkuki. Ndani unazunguka kwa njia inayopanda polepole, vinyago na michoro kutoka pande zote za Afrika vimekuzunguka, na hakuna anayekulazimisha kununua. Ingia asubuhi, kabla magari ya watalii wanaoelekea mbugani hayajafika. Ukitaka kuona mikono ikifanya kazi, kuna Shanga, karakana iliyoanza mwaka 2007, ambako mafundi wenye ulemavu wanayeyusha chupa zilizotupwa na kuzigeuza shanga na bilauri. Nilisimama mbele ya tanuru ya kioo pale nikasahau saa.

Michoro ya Tingatinga utaiona kila kona ya Arusha. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vibao vya hadibodi, akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Miaka minne tu. Twiga na ndege unaowaona wamepangwa barabarani wametoka kwenye ile miaka minne. Mingi ni nakala ya nakala, kwa hiyo usinunue wa kwanza unaouona. Tafuta mchoro ambao mnyama ana tabia yake, si umbo lake tu.

Na kuhusu vinyago, nina neno la kumkinga mtu. Miaka ya nyuma nilinunua kinyago mtaani, sitasema wapi, nikaambiwa mpingo mtupu. Nikakibeba mkononi kwenye manyunyu mpaka stendi. Nilipofika nyumbani viganja vyangu vilikuwa vyeusi. Ulikuwa mti mwepesi uliosuguliwa dawa ya viatu. Iliniuma kwa sababu ya hela, na zaidi kwa sababu ya wachongaji wa kweli. Baadaye nilikaa nusu siku kwa mchongaji wa Kimakonde, akanifundisha. Gogo la mpingo lina ngozi ya nje ya rangi ya krimu na kiini cheusi chenye uzambarau, na kinyago kingi cha kweli huachiwa kipande cha ile krimu mahali fulani, kwenye msingi au mgongoni, ili ujue. Ni mzito, ukiutumbukiza kwenye maji unazama. Alinipa kipande kidogo nikishike: kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Alikuwa anasugua mnara wa watu waliobebana, ule tunaouita ujamaa, kwa msasa wa mwisho kabla ya nta, na vumbi lililobaki kwenye vidole vyake lilikuwa la kahawia iliyokolea, si jeusi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, kunja kona ya leso, iloweshe, sugua chini ya kinyago. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Moshi ina maduka ya vinyago pia, lakini ni kidogo mno ukilinganisha. Na hili linanihuzunisha, kwa sababu miteremko ile imezaa wachoraji wakubwa. Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere na London, baada ya uhuru akawa Balozi wetu Uingereza. Alichora maisha ya kihamba. Kazi yake ya mwaka 1956, wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko Museum of Modern Art, New York. Elimo Njau alizaliwa Marangu, akachora kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, na akaanzisha Kibo Art Gallery kwao Marangu. Mtu anayetoka Moshi mjini leo anaweza kumaliza siku nzima bila kukutana na majina haya mawili popote. Wasanii wametoka Moshi, ila sanaa ya kutazama iko Arusha, na nyingine imevuka bahari.

Pasipo pa kawaida

Upande wa Moshi nakupeleka Marangu, kwenye mashimo ya Wachagga. Watu walichimba njia chini ya ardhi kujificha wakati wa vita, vya wamangi wenyewe kwa wenyewe na vya Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe. Unainama, unaingia, udongo unakugusa mabega yote mawili, na mtembezaji anakuonesha kwa tochi sehemu ya kukaa watu, sehemu ya mifugo, na pale alipojibanza mlinzi mwenye silaha akimsubiri adui aingize kichwa. Asiyependa mahali pa kubana asijilazimishe. Marangu hiyohiyo ndiyo ya Yohani Lauwo, kijana anayesimuliwa kuwa aliwaongoza Wazungu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889.

Upande wa Arusha jibu langu ni Tengeru, makaburi ya Wapolandi. Wengi wakisikia hawaamini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu ya raia wa Poland waliokuwa wamehamishiwa Siberia kwa nguvu na Wasovieti waliachiwa, wakapita Iran, wakavushwa bahari hadi Afrika Mashariki. Kuanzia 1942 wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto, walikaa Tengeru, kambi kubwa kuliko zote za Wapolandi barani Afrika. Walikuwa na shule, kanisa, mashamba. Vita vilipoisha nchi yao ilikuwa chini ya utawala uleule uliowapeleka Siberia, wengi wakaenda Uingereza, Australia na Kanada. Wachache hawakuondoka. Makaburi kama 150 yamebaki, yamezungushiwa ukuta na kutunzwa vizuri. Majina yenye konsonanti nyingi, misalaba, na juu yake miti ya kwetu. Kuna makaburi mafupi sana, ya watoto. Nilisoma mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa kwenye kaburi moja, nikatoa mwaka mmoja kutoka kwa mwingine, nikaacha kusoma.

Ziwa Duluti liko jirani hapohapo, ziwa la kreta lenye msitu pembeni. Baada ya makaburi, utalihitaji.

Watu watakutajia pia maji moto ya Chemka. Ni mazuri kuogelea, na si ya moto hivyo, ila hayana historia unayoitafuta. Meserani, mahali pa nyoka, ni pa heshima: wana kliniki inayotibu walioumwa na nyoka. Nenda kama muda umebaki. Engaruka, na matuta yake ya mawe na mifereji ya watu walioondoka karne kadhaa zilizopita, ingeshinda vyote nilivyotaja, lakini ni mbali mno kwa siku mbili.

Tumbo na nauli

Arusha ni ghali zaidi kulala karibu na katikati ya mji, na vijana wenye michoro na bangili watakufuata. Kataa kwa adabu, "asante kaka, sinunui leo," na usisimame. Moshi ni tulivu, mitaa inatembeleka kwa miguu, vyumba ni nafuu. Kula mtori Moshi, ulio mzito, wa nyama ya mfupa. Arusha kula nyama choma, na ukimpata Mwarusha wa kukukaribisha loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, usikatae. Kati ya miji hiyo magari yapo asubuhi mpaka usiku.

Nilivyomwambia

Mwenye siku moja tu, anayependa kusoma vibao na kutazama kazi za mikono: Arusha, bila kusita. Azimio, Boma, Cultural Heritage, Tengeru, vyote vinaingia ndani ya siku. Mwenye siku moja na subira ya kumsikiliza mzee mmoja kwa saa tatu: Moshi, na asipange kitu kingine zaidi ya Old Moshi.

Mdogo wangu ana mbili. Nimemwambia ashukie Arusha, siku ya kwanza afanye Azimio asubuhi na mapema na Boma kabla ya saa sita, mchana sanaa. Jioni apande gari la Moshi, ashuke Tengeru akasalimie yale makaburi, kisha aje alale kwangu Usa River. Kesho yake tutatoka wote saa kumi na mbili. Boma la 1900 atakuwa ameliona jana yake, na kwenye mti atafika likiwa bado kichwani. Nimemwomba aje na sweta na viatu vya kufunga. Yule mzee wa Old Moshi nimeshampigia, anasema kahawa itakuwa tayari.